Mota iliyonyooshwa njiani

Berlin, Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamadi,

Habari za siku nyingi? Shemeji na watoto hawajambo? Barua yako niliipata, na nimefurahi mno kusikia karakana imepata kazi ya pampu za visima. Unisamehe kwa kukawia kujibu. Leo nina jambo ambalo, kati ya watu wote ninaowafahamu, wewe fundi wa kusuka mota ndiye utakayelifurahia zaidi.

Mchana nilishuka Gleisdreieck, kituo kilichoinuliwa juu ya nguzo, na treni za mjini za njia ya U2 zinapita hapo kama kawaida. Mzee mmoja ninayefanya naye kazi ndiye aliyeniambia niende. Yeye mwaka 1989 alipanda hapohapo treni isiyo na dereva, bila kulipa nauli, akasimama mbele kabisa kwenye kioo anatazama njia inavyomjia. Iliitwa M-Bahn, treni ya sumaku. Ilikwenda kilomita 1.6 tu, vituo vitatu: Gleisdreieck, Bernburger Straße na Kemperplatz, jirani na ukumbi wa muziki wa Philharmonie.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Unaikumbuka ile mota ya pampu tuliyoifungua usiku, wewe umeshika taa mdomoni na mimi nachomoa rota, ile sehemu inayozunguka? Chukua stata yake, ile sehemu isiyozunguka yenye koili za waya, ipasue upande mmoja, ikunjue mpaka ilale kama mkeka, kisha irefushe kilomita nzima na zaidi. Ndiyo njia yenyewe! Koili zote zimelala kwenye njia. Rota ni behewa, maana chini yake zimefungwa sumaku za kudumu. Umeme wa fezi tatu ukipita kwenye koili, uga wa sumaku, yaani eneo la nguvu yake, unakimbia kufuata njia, na behewa linakimbia nao. Kwa hiyo halibebi mota wala halihitaji dereva. Mwendo wote unaamuliwa na umeme wa njiani. Wakitaka liende polepole, wanashusha frikwensi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Wakitaka likimbie, wanaipandisha.

Na sumaku hizo zilikuwa na kazi ya pili. Zilikaa chini ya chuma cha stata, zikawa zinajivuta kwenda juu, na mvuto huo ulibeba kama asilimia 85 ya uzito wa behewa. Uzito uliosalia ulibebwa na magurudumu madogo, ambayo pia yalizuia sumaku zisigandane na chuma. Hapo nilisimama nikacheka peke yangu kwa furaha. Kitu kilekile kinabeba na kuendesha!

Haikukosa mikasa. Desemba 1988, ikiwa bado kwenye majaribio, treni tupu haikusimama Kemperplatz, ikapasua ukuta wa kioo mwishoni mwa kituo. Walitengeneza wakaendelea.

Kilichoiua ni kingine kabisa. Ukuta wa Berlin ulipojengwa mwaka 1961 kuugawa mji pande mbili, uliikata reli ya zamani, na kipande kilichotoka Gleisdreieck kuelekea Potsdamer Platz kikabaki hakiendi popote. Ndicho walichokitumia kuanzia mwaka 1983 kujengea M-Bahn. Nani angefikiri treni itavuka tena? Abiria wa kwanza walipanda mwishoni mwa Agosti 1989. Tarehe 9 Novemba mwaka huohuo Ukuta ukafunguka. Reli ya zamani ikatakiwa tena ili pande mbili za mji ziunganike, na njia ya M-Bahn ilikuwa imekaa juu yake. Julai 1991 M-Bahn ikazinduliwa rasmi, tiketi za kawaida zikaanza kutumika, na tarehe 31 ya mwezi huohuo ikafungwa. Septemba wakaanza kuing'oa. Novemba 1993 U2 ikapita.

Siwalaumu kwa kuunganisha mji wao. Watu waliotenganishwa miaka 28 wana haki ya reli yao. Ila inaniuma kwamba hawakuipatia barabara nyingine, maana ilikuwa inafanya kazi. Nilikaa kwenye benchi zikapita treni nne, nikitafuta alama yoyote ya zile koili. Sikuona hata moja.

Hamadi, ile stata iliyoungua iliyokuwa kona ya karakana, usiwape wa vyuma chakavu. Nikija Desemba tusuke koili sita, tuzipange mstari mmoja juu ya chuma, tuzipe fezi tatu, halafu tuweke kipande cha alumini juu. Nina hakika kitatembea. Sumaku ya spika tusianze nayo. Kwa hezi 50, frikwensi ya umeme wa kawaida, itatetemeka tu palepale, maana uga utakuwa umeshaikimbia. Ile inahitaji tupate inveta, kifaa cha kubadilisha frikwensi, tuanze na frikwensi ndogo. Ulizia bei huko Dar.

Mama mpe shikamoo yangu.

Wako,
Salim