Apatimenti ya Nairobi: kabla hujalipa

Dodoma

Mbukwa Mazengo,

Ujumbe wako nimeupata, kwamba unataka kununua Kenya, ama kiwanja Kajiado ama apatimenti Kilimani, Nairobi. Kile kiwanja cha Kajiado kiache, tuzungumzie apatimenti. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65, inampa asiye raia umiliki wa muda tu, usiozidi miaka 99. Hilo lisikutishe, hati zetu hapa Tanzania nazo ni za miaka 33, 66 au 99. Tatizo la Kajiado ni kwamba ardhi iliyosajiliwa kuwa ya kilimo huuzwa kwa kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na sheria inaiagiza bodi imkatae mnunuzi asiye raia, labda Rais atoe msamaha. Dalali hilo halisemi. Na Mtanzania kule ni mgeni kama Mjerumani, Afrika Mashariki au si Afrika Mashariki.

Utaambiwa wakili wa muuzaji anatosha nyote wawili, mpunguze gharama. Kataa. Tafuta wako, jina lake ulihakiki kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba leseni ya mwaka huu anayo. Kazi yake ya kwanza ni upekuzi wa hati kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali ya Kenya mtandaoni: mmiliki ni nani, kuna zuio la mahakama, kuna rehani ya benki? Majengo mapya mengi yamejengwa kwa mkopo, na hati mama, ile ya kiwanja kizima, iko benki. Hapo benki iandike kwamba itaiachia nyumba yako, la sivyo unanunua deni la mtu. Uliza pia kama nyumba ina hati yake chini ya sheria ya majengo ya pamoja ya 2020.

Malipo ya awali huwa asilimia 10. Yasiende mfukoni mwa muuzaji. Yakae kwa wakili wake kama amana, mkataba useme hivyo, na useme yanarudi lini dili likivunjika. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, unalipa wewe, na hukokotolewa kwa thamani anayoiona mthamini wa serikali, kwa hiyo kuandika bei ndogo ni kujitafutia kesi bure. Utahitaji pia namba ya mlipakodi ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya.

Kama shemeji yako ndiye atakusainia, hati ya uwakilishi uisaini hapa mbele ya notari (wakili anayethibitisha saini), kisha isajiliwe Kenya. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa kule ni wino tu.

Pesa nazo: kutoa mtaji nje kunaongozwa na kanuni za Benki Kuu yetu, muulize meneja wa benki yako kabla ya kusaini, si baada.

Nitumie nakala ya mkataba ukiupata.

Wako,
Chipanda