Kwa Zuhura, kuhusu wenzako Wafilipino

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na poleni na joto la Doha. Umeniuliza kama Wafilipino unaokaa nao wanawapenda waliowatawala, maana majina yao ni ya Kihispania, Ijumaa wanajaa kanisani, na Kiingereza chao ni cha Kimarekani. Swali hilo halina jibu moja. Waliwahi kutawaliwa na Mhispania, Mmarekani na Mjapani, na kila mmoja wana neno lake naye.

Anza na majina. Ukikutana na Santos au Reyes, usimwambie ana damu ya Uhispania. Wakati wa ukoloni watu wengi hawakuwa na jina la ukoo, na wengine wengi walijiita de la Cruz au de los Santos, hata watoza kodi wakashindwa kujua nani ni nani. Tarehe 21 Novemba 1849 Gavana Narciso Clavería akatoa amri familia zichukue majina kutoka kwenye kitabu kilichopangwa kwa alfabeti. Kurasa ziligawanywa mji kwa mji, ndiyo sababu kule Oas, mkoa wa Albay, mpaka leo majina mengi yanaanza na R. Mengi ya majina yao yalitoka kwa karani, hayakutoka kwa babu.

Na unapojaza fomu za kazini, kuwa mwangalifu hapa. Sisi jina la pili ni la baba, la tatu la babu. Kwao jina la katikati ni ukoo wa mama, na la mwisho ni ukoo wa baba. Mwanamke akichukua jina la mumewe, ukoo aliozaliwa nao unasogea katikati. Ukiliandika hilo la katikati kwenye nafasi ya jina la baba, karatasi hazitalingana na pasipoti, na atakayehangaika ni yeye.

Mhispania alikaa tangu 1565 hadi 1898. Utawasikia wakiwasema vibaya mapadre wa zama zile, kisha kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba wanaamka kabla ya alfajiri kwa ajili ya Simbang Gabi, misa tisa mfululizo. Usione ajabu. Uchungu ulikuwa juu ya mashirika ya watawa yaliyomiliki mashamba makubwa na kuwanyima mapadre wenyeji parokia. Tarehe 17 Februari 1872 mapadre watatu, Gómez, Burgos na Zamora, waliuawa hadharani mjini Manila kwa tuhuma za uasi. Mwandishi José Rizal akawatabarukia riwaya yake ya pili, naye akapigwa risasi na Wahispania tarehe 30 Desemba 1896. Dini yenyewe walishaifanya yao.

Lugha nayo ni hivyo hivyo. "Mesa" yao ni meza yetu: sisi tuliipata kwa Mreno, wao kwa Mhispania. Lakini maneno mengine yamegeuka yakiwa mikononi mwao. "Seguro" ya Kihispania ni hakika, ila "siguro" ya Kitagalog, lugha ya huko kwao, ni labda, basi mwenzako akikujibu hivyo ujue hajakuahidi kitu. Na "salamat", asante yao, ni ndugu wa salama yetu. Ilitoka Kiarabu ikapitia Kimalei.

Kwa Mmarekani mambo ni mazito zaidi. Kiongozi wa mapinduzi, Emilio Aguinaldo, alitangaza uhuru tarehe 12 Juni 1898, lakini Desemba mwaka huo huo Uhispania ikaiachia Marekani nchi nzima kwa dola milioni 20. Vita kati ya Wafilipino na Wamarekani vikaanza Februari 1899. Agosti 1901, vita havijaisha, meli iitwayo Thomas ikashusha walimu wapatao 500, na kizazi kizima kikasomeshwa kwa Kiingereza na vitabu vya yule yule aliyewapiga. Kisha akaja Mjapani. Katika mapigano ya Manila ya Februari na Machi 1945 raia wapatao 100,000 walikufa, wengi kwa mauaji ya askari wa Japani na wengine kwa mizinga ya Wamarekani. Aliyemfukuza Mjapani alikuwa Mmarekani, na naamini hapo ndipo mapenzi ya wazee kwake yalipokita mizizi. Uhuru ukatolewa tarehe 4 Julai 1946, sikukuu ya Marekani yenyewe. Mwaka 1962 Rais Macapagal akairudisha sikukuu ya uhuru kwenye 12 Juni. Na mwaka 1991 Seneti yao ilikataa mkataba wa kambi za kijeshi za Marekani kwa kura 12 dhidi ya 11.

Ukitaka kuyaona yote kwa pamoja, tazama kengele za Balangiga, kisiwa cha Samar. Tarehe 28 Septemba 1901 wanakijiji waliwavamia askari wa Marekani asubuhi wakati wanakula, na kengele ya kanisa ikapigwa. Jeshi likalipiza kisasi kisiwani kote, likaondoka na kengele tatu. Mbili zilikaa Wyoming, huko Marekani, moja kwa jeshi lao Korea Kusini. Wafilipino walizidai miaka mingi, zikarudi Desemba 2018. Kengele za kanisa lililoletwa na Mhispania, lakini hakuna aliyezililia kama watu wa Balangiga.

Mwenzako akiwa Mwislamu wa Jolo au Mindanao, visiwa vya kusini, atakusimulia mengine. "Moro" ni jina walilobandikwa na Wahispania, leo wanajiita hivyo kwa fahari. Muulize kuhusu Bud Dajo, Machi 1906, wanawake na watoto walivyouawa mlimani na jeshi la Marekani. Muulize kwa upole.

La mwisho, mama wa mwenzako akija kumtembelea. Wewe uliyelelewa kwa shikamoo hutapata taabu. Inama kidogo, sema "Mano po", pokea mkono wake wa kulia, uguse mgongo wa mkono kwa paji la uso wako. Usiubusu, na usiuvute juu hadi usoni kwako. Kichwa chako ndicho kinachoshuka. "Mano" ni neno la Kihispania, mkono. "Po" ni heshima ya Kitagalog, usiiache.

Wako,
Mwanaisha