Nguo za kale za Lamu zipimwe kabla hazijaoza

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Langoni, Lamu. Kila Tamasha la Utamaduni likikaribia, vijana huniletea picha za simu wakitaka niwashonee kanzu za kizamani. Nyingi huwa ni kanzu za nchi za Ghuba, Uarabuni, zenye kola ngumu na vifungo. Wazee wetu hawakuvaa hizo, na huniuma wageni wakizipiga picha wakidhani wameiona Lamu ya kale.

Mzee mmoja wa Mkomani aliniazima kanzu ya babake. Niliigeuza ndani nje, nikaitandaza mkekani na kuipima mshono kwa mshono bila kufumua uzi. Badani zake, yaani vipande vya mbele na nyuma, ni nyembamba, kwani kitambaa chenyewe kilikuwa na upana mdogo. Ubavuni imetiwa taharizi, vipande vya pembeni vinavyopanuka kuelekea chini, na chini ya mkono kuna kikwapa, kipande kidogo cha pembe nne. Siku hizi vitambaa ni vipana, basi mafundi wengi hukata kipande kimoja kipana na kikwapa wakakiacha. Mvaaji akiinua mkono, kanzu yote hupanda, na hapo kwapani ndipo inapoanza kupasuka. Shingo nayo imetarizwa kwa mkono, kwa hariri. Kazi safi mno!

Picha za kutazama zipo. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyiko wa Winterton, picha 7,500 hivi za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na kwenye intaneti hazilipiwi. Lakini picha haimwonyeshi fundi ukataji. Los Angeles County Museum of Art, makumbusho ya sanaa hukohuko Marekani, wao wamechora violezo vya kukatia baadhi ya nguo zao za zamani wakaviweka kwenye intaneti, kila fundi achukue akate. Sisi vizibao, majoho na suruali za marinda za bibi zetu zinaliwa na nondo masandukuni.

Naomba Makumbusho ya Lamu yatutengee mafundi siku ya kupima nguo za kale zilizohifadhiwa, wao wakisimamia, sisi tukichora. Michoro iwekwe maktaba ya Ngome ya Lamu, kila mtu aione. Na wenye nguo za marehemu wao majumbani, tafadhalini msizigeuze matambara. Niiteni. Nitakuja na futi kamba na karatasi zangu, na sitatia chaki wala pini kwenye nguo yenyewe.

Fundi cherehani,
Langoni, Lamu