Simu moja, spika moja na somo la Kiingereza

Mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi, natumaini u mzima. Barua yako nimeipata. Unasema shule imetenga fungu dogo la vifaa vya somo la Kiingereza na kamati inaitaka projekta. Mimi ningewashauri muanze na sauti, picha zije baadaye. Projekta ikionyesha orodha ya vitenzi ukutani ni ubao uleule, ila huu unataka umeme. Chaki haiwezi kurudia sauti ileile mara kumi bila kubadilika, wala kumrekodi mwanafunzi ajisikie mwenyewe, wala kumletea neno siku anayokaribia kulisahau. Huko ndiko fedha na muda wenu viende.

Nunueni spika moja yenye tundu la waya, na waya wenyewe. Bluetooth ina adha yake: spika nyingi hulala zikikaa kimya kidogo, na zikiamka humeza neno la kwanza. Katika zoezi la kusikiliza, neno la kwanza mara nyingi ndilo lililobeba swali, "where" au "when", "do" au "did". Spika iwekwe juu ya meza katikati ya darasa, usawa wa masikio. Ukiiweka sakafuni au kwenye kona, kuta tupu hurudisha mwangwi na mwangwi hufunika konsonanti za mwisho, ambazo ndizo zinazotenganisha "work" na "worked". Kabla ya kipindi, nenda ukakae kiti cha nyuma kabisa uisikilize mwenyewe.

Faili zipakue mapema, usiitegemee intaneti ya darasani. Sauti ya mono, yaani ya mkondo mmoja tu, iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde huchukua kama nusu megabaiti kwa dakika, kwa hiyo dakika 10 ni takriban megabaiti 5, na kwa maongezi ya kawaida inatosha. Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, itakukatia kipande, itakibadili kuwa mono na kukihifadhi kama MP3.

Kipande kisizidi sekunde 90. Mara ya kwanza wasikilize kalamu zikiwa mezani, kwa swali moja tu: nani anaongea na nani, na anataka nini? Mara ya pili watafute mambo mawili matatu, kama saa au mahali. Mara ya tatu chagua sentensi moja na uirudie mpaka waiandike neno kwa neno. VLC ya kompyuta, programu ya kuchezea sauti na video, ina kitufe cha kurudia kuanzia nukta A hadi nukta B, hivyo huhangaiki kurudisha nyuma kwa kubahatisha.

Hiyo mara ya tatu ndiyo moyo wa somo. Chukua "I should have told him". Wengi wataandika "I should of told him" au wataliruka "have" kabisa, kwa sababu hapo hutamkwa kwa sauti hafifu isiyofanana na ile waliyoizoea kitabuni, na "him" aghalabu hupoteza "h" yake. Usikimbilie kupunguza kasi. Kasi ya 0.75 inavumilika, lakini ukishuka hadi 0.5 sauti inakokota, na herufi aliyoimeza msemaji hairudi, kwani hakuitamka. Afadhali usimamishe baada ya kila kifungu, wape sekunde tano, kisha uendelee. Maandishi kamili yatoe mwishoni kabisa. Ukitumia video yenye manukuu ya kiotomatiki, yapitie kwanza, maana hukosea majina ya watu na mara nyingi huachia sentensi zikimbie bila nukta.

Kwenye matamshi, kuna kifaa ambacho tayari kimo ndani ya simu: kitufe cha maikrofoni kwenye kibodi, kile cha kuandika kwa kusema. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa kuwa na zipatazo 20 ukijumlisha zile zinazoteleza kutoka sauti moja kwenda nyingine. Ndiyo maana "live" na "leave" zinatoka mdomoni zikiwa pacha. Weka lugha ya kibodi iwe Kiingereza, mwanafunzi aseme "I want to leave", kisha atazame simu imeandika nini. Ila hapa pana mtego. Simu husikiliza na pia hukisia kwa muktadha, kwa hiyo ukimpa sentensi kama "The captain is on the ship", itaandika "ship" hata akitamka "sheep", naye ataamini amepatia. Tunga sentensi ambazo maneno yote mawili yanaleta maana. Na usiitumie kutoa alama: inakosea zaidi kwa lafudhi isizozizoea, na mtoto hapaswi kuadhibiwa kwa hilo.

Kazi ya nyumbani ya kurekodi ndiyo inayowatisha walimu, kwa hofu ya rundo la kusikiliza. Piga hesabu: wanafunzi 50 kwa sekunde 40 kila mmoja ni kama dakika 33, pungufu ya muda wa kusahihisha insha 50. Waambie simu iwe kwenye hali ya ndege ili mlio usiingilie, ikae shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, pumzi ya "p" na "b" isipige maikrofoni. Warekodi, wajisikilize, warekodi tena, na wakutumie ya pili tu. Faida iko katika kule kurudia. Wewe sikiliza jambo moja ulilotangaza mapema, tuseme miisho ya "-ed", mengine yaache yapite. Wasio na simu wafanye kwa vikundi vya wanne.

Msamiati upeleke Anki, programu ya kadi za maneno inayomrudishia mwanafunzi neno anapokaribia kulisahau, au kadi za karatasi kama simu ni chache. Anki huja ikiwa imepangwa kutoa kadi mpya 20 kwa siku. Shusha hadi tano. Kila kadi mpya itarudi mara kadhaa wiki zinazofuata, foleni itarefuka, na mwanafunzi akikuta kadi mia zinamsubiri ataifuta programu. Usiandike "good" upande mmoja na "nzuri" upande wa pili. Andika "She is good ___ drawing", nyuma uweke "at" pamoja na sauti ya sentensi nzima. Ajibu kwa kutamka kabla ya kugeuza, la sivyo atabonyeza tu kwamba anajua.

Akili bandia itumie kwenye insha, lakini rasimu ya kwanza iandikwe kwa mkono darasani. Ukiiomba tu isahihishe, huandika upya hata sentensi zilizokuwa sahihi, na sauti ya mtoto inapotea. Iamrishe ionyeshe makosa yasiyozidi matatu, ieleze kila moja, isiandike upya chochote. Majina ya wanafunzi usiyaweke humo.

Kamati ikishikilia projekta, basi ulizeni lumeni zake, yaani kipimo cha mwanga wake, zisipungue 3,000 kama madirisha hayana mapazia, na muangalie kama ina tundu la kutoa sauti nje. Spika ya ndani ya projekta haifai kwa zoezi la kusikiliza. Mkishapata spika, niandikie nikutumie vipande vya kuanzia.

Wako katika chaki,
Mwalimu mwenzako