Risala ya Kikundi cha Vijana wa Historia kwa Mgeni Rasmi, Lubumbashi

Mama Mgeni Rasmi, Baba Shefu wa Karte, wazee wetu mlioketi mbele, wazazi na vijana wenzetu,

Karibu sana, Mama. Tunajua kazi zako ni nyingi, na kuja kwako kumetupa moyo.

Tulianza vijana saba chini ya mwembe. Leo tuko 23. Tumewahoji wazee tisa, tumefika Likasi mara mbili kwa nauli yetu, na tunathubutu kusema kwamba hakuna kikundi katika komini (manispaa) hii kilichofanya kazi kubwa kama hii.

Mada yetu mwaka huu ni masharti ya nchi isiyoegemea upande inapotuma askari kulinda amani. Tumechagua Ireland kwa sababu habari yake ilipita mlangoni petu. Wenyewe huyaita kufuli tatu: ONU, yaani Umoja wa Mataifa, iwe imeidhinisha, serikali yao ikubali, na bunge lao, Dáil, liridhie kama askari wanazidi 12. Mzizi wake ni sheria ya 1960, mwaka ule ule vikosi vyao vya kwanza vilipotua Kongo. Novemba mwaka huo askari wao tisa waliuawa Niemba. Septemba 1961 wengine kama 150 walizingirwa siku tano Jadotville, Likasi ya leo, hadi maji na risasi zikawaishia. Sasa serikali yao inataka kuondoa kufuli ya ONU, kwa kuwa nchi moja yenye kura ya turufu inaweza kuifunga, na wananchi wao wanabishana vikali.

Lakini, Mama, kufuli zote tatu hufunguliwa mbali na hapa. Mama aliyejificha na wanawe chini ya kitanda Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mabomu yakilia, hana sehemu katika kura hiyo. Sauti hiyo ndiyo tunayoikusanya. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1961 leo ana miaka kama 80.

Hapo ndipo penye ombi letu. Hatuna chumba. Madaftari yetu hulala nyumbani kwa katibu, na msimu wa mvua uliopita bati lilivuja. Ushuhuda wa mzee mmoja ulifutika wote, kurasa 31. Tulipanga kurudi kwake tukaandike upya; tulikuta matanga.

Mwaka juzi, katika sikukuu kama hii, tulisoma ombi hili hili. Mgeni wetu alisimama, akasema chumba kitapatikana kabla ya mvua, na tukampigia makofi. Mwaka uliopita mgeni mwingine alisema faili liko njiani. Tunawaheshimu wote wawili. Ila mvua zimekwisha kunyesha misimu miwili, na kile chumba cha nyuma cha jengo la komini bado kimejaa viti vilivyovunjika. Tumejitolea kuvitoa wenyewe kwa salongo, kazi ya pamoja, ya asubuhi moja. Barua zetu tatu zina mihuri ya kupokelewa. Nakala ziko mkononi mwa katibu, tutakukabidhi.

Tunaomba ufunguo wa chumba hicho, kabati moja la chuma na kinasa sauti kimoja. Kama mawili ya mwisho ni mazito, tupe ufunguo. Na kwa heshima yote, Mama, tunakuomba utaje tarehe leo hii, wazee hawa wakiwa wanakusikia.

Tunaomba kuwasilisha.