Damu ikikoma, majeruhi bado hajavuka

Mhariri,

Msomaji wako wa Nakuru aliyeandika juzi akilalamika kwamba jamaa zake walizuiwa mlangoni pa wodi ana haki ya kukasirika. Mtu atoke Molo na vyombo vya chakula, afike aambiwe wanaingia wawili tu, lazima roho imuume. Lakini mwishoni mwa barua yake aliuliza hatari gani imebaki, ilhali ndugu yake alishaongezewa damu na mguu umetiwa chuma. Nimekuwa muuguzi katika wodi za upasuaji huku Nyanza mpaka nilipostaafu, na swali hilo familia huliuliza baada ya wiki moja hivi, wakati mgonjwa ameanza kula na kutania watu. Wakati huo ndipo sisi huwa macho zaidi.

Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5. Mfupa wa paja ukivunjika, lita nzima au zaidi inaweza kuvujia ndani ya nyama bila tone kuonekana barabarani. Paja linavimba na kukaza, basi. Damu ikishapotea kiasi cha theluthi, presha inaporomoka. Mwili nao unabana mishipa ya ngozi, figo na matumbo ili kilichobaki kifike kwenye moyo na ubongo. Ndiyo maana majeruhi wanaoletwa kutoka ajali za barabarani za Salgaa au Awasi huwa na mikono baridi yenye jasho, na mfuko wa mkojo unakaa saa nyingi bila kitu. Kila kiungo kilichonyimwa oksijeni wakati huo kimeumia, hata kama hakikuguswa na gari.

Kisha inakuja zamu ya kinga ya mwili, na hapa wengi hawajawahi kuelezwa. Nyama zilizopondeka humwaga mabaki ya seli ndani ya damu. Kati ya mabaki hayo mna mitokondria, sehemu za seli zinazotengeneza nguvu, ambazo asili yake ya kale ni bakteria. Mwaka 2010 watafiti walionyesha katika jarida la Nature kwamba vinasaba vya mitokondria vikimwagika baada ya mtu kuumia, chembechembe nyeupe za damu huviona kana kwamba bakteria wamevamia. Vita vinafumuka. Joto linapanda, moyo unakwenda mbio, mapafu yanaweza kujaa maji, na pengine hakuna mdudu hata mmoja aliyeingia.

Wakati uo huo mwili unaizuia kinga hiyo hiyo. Enzi zetu tulifundishwa kwamba fujo hutangulia, udhaifu wa kinga ukafuata siku kadhaa baadaye. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2011 ulipima chembechembe nyeupe za watu walioumia vibaya na kukuta zaidi ya asilimia 80 ya jeni zake zimebadilika mwenendo, na kwamba mambo hayo mawili huanza pamoja, saa chache tu baada ya ajali. Limfosaiti, aina mojawapo ya chembechembe nyeupe zinazopambana na maambukizi, zinapungua. Monosaiti, aina nyingine ambayo kazi yake moja ni kuzionyesha chembe nyingine adui ni yupi, zinalegea katika kazi hiyo. Ni kama kijiji kilichokesha kikikimbilia nduru za uongo: mwizi wa kweli akija, wenye rungu wamelala fofofo. Huyo mwizi anaweza kuwa usaha kwenye kidonda, nimonia, au maambukizi yaliyopita kwenye mrija wa mkojo.

Na damu aliyoongezewa? Hiyo ilimwokoa, na yeyote anayeweza kuchangia aende kwenye kituo cha damu, Nakuru kipo na Kisumu kipo. Lakini mfuko ule huwa hasa na chembechembe nyekundu za kubeba oksijeni. Haurudishi kinga iliyovurugika, na damu nyingi ya watu wengine inaweza hata kuipunguza kidogo zaidi. Hilo lisimfanye mtu akatae damu. Asiyeipata akivuja hafiki hiyo wiki ya pili.

Sasa nikwambie tunachokiona saa ya wageni. Shangazi anainua bandeji kwa kidole gumba aone kama pamekauka, mkono ule ule aliotoka kuhesabia chenji ya matatu. Mtoto mwenye mafua anapandishwa kitandani amsalimu baba. Nimeona watu wa maombi wakishika vyuma vilivyotokeza nje ya mguu, pale pale vinapoingia kwenye ngozi, wakikemea. Mungu anasikia hata ukisimama hatua mbili kutoka kitandani. Nawa mikono, acha kidonda kwa wauguzi, na hicho chakula ulicholeta kiwe na samaki, mayai, maharagwe, maana kinga haijengwi kwa soda. Mgonjwa akianza kuhema haraka, kutetemeka, kuongea maneno yasiyoeleweka au mkojo kupungua, piteni mtafute muuguzi mara moja. Msingoje homa. Kwa mtu wa namna hii homa wakati mwingine haiji, mwili unapoa tu.

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi ya wageni, na hili ni letu sisi wa hospitali. Vijana wa boda boda wanapoanguka, usukani huwapiga ubavu wa kushoto na kupasua bandama. Mara nyingine daktari hana njia ila kuitoa, la sivyo damu haitakoma. Bandama huchuja damu na kuondoa vijidudu, hasa vile vya nimonia na homa ya uti wa mgongo. Aliyetolewa anahitaji chanjo za nimokoka, meningokoka na Hib, bakteria watatu wanaoleta magonjwa hayo, kwa kawaida wiki mbili hivi baada ya upasuaji, na kila homa maishani mwake ni ya kukimbilia hospitali siku iyo hiyo. Huku kwetu ziwani, penye malaria, ni zaidi.

Tulimpokea kijana mmoja aliyechemka kama jiko, kovu limeshuka katikati ya tumbo lake. Tulipomuuliza alipasuliwa nini, alisema operesheni ya tumbo. Karatasi aliyopewa alipotoka hospitali nyingine ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, imekunjwa mara nne, na habari ya bandama ilikuwa humo kwa herufi tatu za kifupi za Kiingereza. Chanjo, hakuna. Mkewe alikuwa amemkanda kwa maji baridi tangu juzi yake, akidhani ni malaria ya kawaida. Kijana alipona, lakini kwa shida.

Kaunti zetu zinachapisha kadi za kliniki ya mama na mtoto bila tabu. Zichapishe na ya huyu aliyetolewa bandama: kwa Kiswahili, na kwa Kijaluo au Kikalenjin kulingana na mahali, iseme bandama imetolewa lini, chanjo zipi amepata na zipi bado, na akipata homa aende wapi. Asomewe yeye na mtu wa nyumbani kwake kabla hajaondoka wodini, si dirishani pa malipo.

Muuguzi mstaafu,
Ahero, Kaunti ya Kisumu