Barua kwa mwanangu aliyepangwa besi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote wazima, ila bibi yako magoti yanamsumbua kama kawaida. Umenilalamikia kwamba mwalimu wa kwaya hapo chuoni amekutoa kwenye sauti ya tenor akakupeleka besi, ile nene ya chini, na kwamba besi ni kunguruma tu huku wengine wakipewa sifa. Haya, baba, tulia nikusimulie habari za watu wa Georgia, ile nchi ya milima ya Kaukazi, maana siku hizi nikimaliza kazi za jioni nyimbo zao ndizo ninazosikiliza.

Nyimbo zao nyingi zina sauti tatu. Huko Kakheti, mashariki, kwenye mashamba ya zabibu, wawili ndio wanaopishana kwa madoido juu, na meza nzima iliyobaki inashika besi, wanaiita bani: sauti moja ndefu, wanapokezana pumzi isikatike. Lakini sikiliza vizuri. Bani ikipanda hatua moja, wimbo wote unahama nayo, na wale mabwana wa juu hawana budi kufuata. Chakrulo ni wimbo wa namna hiyo. Mwaka 1977 Wamarekani waliutia kwenye sahani ya muziki ya dhahabu ya vyombo vya anga vya Voyager, kwa hiyo besi ya Wakakheti sasa imeshazipita sayari zote. Nani kasema besi haifiki mbali?

Guria, magharibi, ni vurugu nyingine kabisa. Kule besi inashika njia yake, ya kati yake, na juu kuna krimanchuli, sauti inayovunjwa kooni kama jogoo aliyekurupushwa. Utadhani wanagombana, mpaka mwisho unapowakuta wote kwenye noti moja. Nilijaribu kuzitafuta noti zao kwenye kinanda cha kanisani. Nyingine zinaangukia katikati ya vibonye, nikaacha.

Kanisani kwao, Waorthodoksi, vilevile ni sauti tatu, bila ala. Mwaka 1811 Warusi waliliondolea kanisa hilo uhuru wake, na uimbaji wa zamani ukaanza kusukumwa pembeni. Aliyekuja kuuhangaikia ni Filimon Koridze, mwimbaji wa opera aliyekwisha kuimba Italia. Akawaendea wazee, akaandika noti za maelfu ya nyimbo. Na alikuwa besi, nakukumbusha. Walipokuja Wakomunisti, mtawa Ekvtime Kereselidze akazificha karatasi hizo, akihama nazo, hadi alipozikabidhi kwenye makumbusho mwaka 1935.

Lakini anayenitoa machozi ni Artem Erkomaishvili wa Guria. Alizijua nyimbo za kanisa kwa moyo, zilizorithishwa kwa mdomo, na wenzake wa kuimba naye walikuwa wamekwisha kufa. Mwaka 1966, mzee wa karibu miaka 80, akaketi mbele ya kinasa sauti huko Tbilisi, mji mkuu. Kwanza akaimba sauti ya juu peke yake. Ikachezwa, naye akaimba ya kati juu yake. Zikachezwa zote mbili, akaingia na besi. Zaidi ya nyimbo 100 akazifanya hivyo, kwaya nzima ya mtu mmoja. Sauti imechoka, inakwaruza, lakini haimpotei. Mwaka uliofuata akafariki. Mjukuu wake Anzor akaanzisha kundi la Rustavi, na leo vijana wa Tbilisi wanajifunza kutokana na kanda zile.

Fikiri kama angejua ya kwanza tu.

Kwa hiyo usiniombe nimpigie mwalimu wako simu, sipigi. Mwombe karatasi ya sauti zote tatu, na siku mwimbaji wa tenor akikosekana mazoezini, uwe tayari. Krismasi ukija nitashika ya pili, baba yako atabishana na ya kwanza. Nauli nimetuma kwenye simu yako leo asubuhi, angalia.

Mama yako